Namna ya Kuandika Maisha Yako Bila Kujitia Ndani

Umestaafu. Gari la serikali limerudishwa, dereva amepangiwa bosi mwingine, na simu iliyokuwa ikikuamsha alfajiri sasa inaita pale tu kampuni ya simu inapotaka kukuuzia bando. Mama watoto ameanza kukuuliza kila asubuhi kama leo unatoka. Kwa mtu wa hadhi yako zimebaki njia mbili za heshima: kufuga kuku au kuandika kitabu cha maisha yako. Kuku wana kideri. Kitabu hata kikidoda hakihitaji chanjo. Mwongozo huu ni wa waliochagua kitabu.

Nimehariri miswada ya wastaafu ya kutosha kunipa ujasiri wa kusema wanakokosea: huanza kwa kujaribu kukumbuka. Kukumbuka ni kazi ya wapelelezi. Kazi ya mwandishi wa maisha yake, jinsi inavyofanywa na mabingwa wa ukanda wetu, ni kujaza kurasa mia tatu na ushee kwa namna ambayo msomaji akifika mwisho atazijua safari zako zote za nje, vyeo vyako vyote na nishani zako zote, na bado akikutana nawe sokoni asijue ni mtu wa namna gani.

Chagua wakati vizuri. Ukiandika mapema mno, mashahidi wangali hai na wana simu. Kwa hiyo hudhuria misiba. Ukiwa makaburini Kinondoni, wakati shehe au padri anaendelea, piga hesabu kimyakimya: marehemu alikuwapo katika kile kikao cha mwaka 1974, sasa waliobaki ni wewe na aliyekuwa akileta chai, ambaye hakuulizwa kitu wakati ule na hataulizwa sasa. Hapo unaweza kuanza sura ya tano.

Lakini usicheleweshe kupita kiasi. Benjamin Mkapa alitoa kitabu chake Novemba 2019 na Julai 2020 akafariki. Ali Hassan Mwinyi alizindua chake tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Hao waliwahi. Mwalimu Nyerere alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare mara mbili, hakupata, au hakutaka, muda wa kujiandika mwenyewe, akatutoka mwaka 1999. Matokeo yake wasomi watatu, Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, wakamwandikia majuzuu matatu mwaka 2020. Usipojiandika utaandikwa na maprofesa, na maprofesa wana tabia ya kwenda kusoma mafaili.

Sasa tafuta kijana. Usishike kalamu wewe. Miaka yote umeandikiwa hotuba, na mwili haupendi kubadilishiwa mazoea uzeeni. Awe amesomea uandishi wa habari, awe na adabu na awe anadaiwa kodi ya nyumba. Mazungumzo ya kwanza yataenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekuja na kinasa sauti?"

"Ninacho, mzee. Tuanze na utotoni?"

"Tuanze na nishani."

Usione haya kusaidiwa. Jaramogi Oginga Odinga alisaidiwa na Ruth First, yule mwanaharakati wa Afrika Kusini, kukiandaa kitabu chake cha mwaka 1967; mwanawe Raila akamtumia mwanahabari Sarah Elderkin kwa kile cha mwaka 2013. Tofauti ni kwamba wasaidizi hao walitajwa. Wewe kijana wako utamshukuru, baada ya hospitali iliyokutibu mgongo, "kwa kuchapa mswada".

Kuzaliwa ni lazima uzaliwe maskini. Hili halina mjadala. Edwin Mtei alichunga mbuzi kweli na akaja kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, na kitabu chake cha mwaka 2009 kinayataja yote mawili kwenye jalada. Tangu hapo hakuna mstaafu aliyekubali kuzaliwa katika nyumba isiyo na mbuzi. Baada ya mbuzi inafuata njia ya shule, na hapa kuna viwango vinavyoeleweka. Katibu tarafa atembee kilomita tano. Mkuu wa wilaya, kumi. Waziri atembee ishirini kwenda na ishirini kurudi, peku, na njiani kuwe na mto; ukiwa ni mto wenye mamba, msomaji atakusamehe hata kufeli hesabu. Mpwa wako akipima kwa simu akakuta ni kilomita mbili na nusu, mwambie shule ilihamishwa.

Baba yako, ikiwa alikuwa jumbe aliyewakusanyia Waingereza kodi ya kichwa kwa bakora, alikuwa "kiongozi wa jadi aliyeheshimika sana". Kuheshimika kulikuwapo, watu walikuwa wakikimbilia porini wakimwona.

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa, kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Kizazi chako kina tarehe mbili, ya nyumbani na ya kazini. Ya nyumbani anaijua mama: ulizaliwa nzige walipokuja mara ya pili. Ya kazini ilipatikana siku ulipopelekwa shule, ukaambiwa upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili, ukashindwa, ukarudi mwaka uliofuata na sikio likashikika, mwalimu akakukadiria. Baadaye, ulipokaribia miaka 60 ya kustaafu kwa lazima, kiapo kikapatikana, ukawa mdogo tena. Ukiandika kwamba unawakumbuka wale nzige waliomaliza mtama mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakati cheti kinakuzalisha mwaka 1938, msomaji makini atakaa kitako. Hazina hawana mazoea ya kusoma vitabu hivi. Usiwape sababu ya kuanza.

Shuleni ulisoma na kila mtu. Ukijumlisha vitabu vyote vilivyotoka, bweni moja la Tabora lililala mawaziri, mabalozi, majaji na wakuu wa majeshi wengi kuliko vitanda, na wote walikuwa marafiki zako wa chanda na pete. Kama ulisoma Pugu kabla ya mwaka 1955, Nyerere alikufundisha. Kama ulifika baadaye, ulikalia dawati alilowahi kuliegemea akisahihisha madaftari. Hakuna anayeweza kukubishia kuhusu dawati.

Ukija kwenye Uhuru, usiwe mchoyo. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ulikuwa uwanjani Dar es Salaam, umesimama karibu na mlingoti. Kwa kadiri ya vitabu ninavyoletewa, pembeni ya mlingoti ule palisimama umati wa viongozi watarajiwa kiasi kwamba wananchi wa kawaida sijui waliwekwa wapi. Kileleni Kilimanjaro usijiweke. Kule alikuwapo Luteni Alexander Nyirenda na mwenge, kuna baridi, na kuna picha.

Anayetaka kujifunza sanaa ya kujiweka katikati amsome John Okello. Kitabu chake kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar kilitoka Nairobi mwaka 1967, miaka michache baada ya wenzake kumfukuza visiwani, na ndani yake Mapinduzi yana ndoto za Okello, mipango ya Okello, jeshi la Okello na amri za Okello. Abeid Karume na Abdulrahman Babu wanatokea kama wageni waalikwa. Kinyume chake ni zile habari rasmi za chama, ambazo zilimpunguza Field Marshal Okello mpaka akabaki sauti tu iliyosikika redioni. Mimi ninavisoma vyote viwili kwa zamu, na kila nikimaliza kimoja ninakiamini kingine zaidi. Kwa mwanafunzi wa fani yetu funzo liko wazi: Okello aliandika mapema, waliotaka kumfuta ikabidi wafanye kazi.

Sasa tumefika penye mitego, miaka uliyokuwa na madaraka.

Kanuni ni hii. Jambo lililofanikiwa lina mtenda, naye ni mimi. Jambo lililoharibika lina watenda wengi, nao ni sisi, na likiharibika kabisa halina mtenda. Barabara niliijenga. Kiwanda tulikiendesha kwa changamoto. Fedha zilipotea. Jizoeze kwa Operesheni Vijiji ya kati ya miaka ya 1970. Andika: "Wananchi walihamasishwa kuhamia katika vijiji vya maendeleo, na katika baadhi ya maeneo kulijitokeza kasoro za utekelezaji." Umeona? Hakuna lori, hakuna mgambo, hakuna bibi aliyekaa juu ya godoro chini ya mti huku nyumba yake ikiteketea. Moto wenyewe, ukilazimika kuutaja, ulizuka. Moto wa aina hiyo katika vitabu vyetu una akili sana: ulizuka tu kwenye nyumba za waliokataa kuhama.

Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto na sukari, sabuni na vitenge vikaanza kuokotwa mashimoni na vichakani, ulikuwa masomoni Bulgaria. Wengi walikuwa Bulgaria mwaka ule. Foleni za duka la kaya unaweza kuzieleza kwa uchungu, kama mtu aliyesimuliwa. Usieleze ulikuwa ukipata wapi maziwa ya kopo.

Kuna wazee waliotuharibia kazi hapa, na ni lazima niwataje ili ujihadhari nao. Mkapa, katika kitabu chake, aliyataja mauaji ya Januari 2001 Zanzibar, waandamanaji walipopigwa risasi na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, na akakubali kwamba ni doa katika utawala wake. Rais mzima, mwenye watu wa kumshauri! Labda tatizo ni kwamba kabla ya siasa alikuwa mhariri wa magazeti, na ugonjwa ule hauponi. Mwinyi naye, katika miaka ya 1970, aliachia uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, ingawa si yeye aliyewapiga. Mwaka 1985 akawa Rais. Kijana wako akikuletea mfano huo akidhani kukiri kunalipa, mwambie ilikuwa ajali.

Na yupo aliyeharibu zaidi ya hao, tena mapema. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alipokwisha kurudi Unguja na kutulia alishawishiwa na ofisa wa Kijerumani, Heinrich Brode, aandike habari zake. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi na zikapigwa chapa Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, Tippu Tip mwenyewe akafariki mwaka 1905. Kwa hiyo moja ya tawasifu za kwanza kabisa za Kiswahili imeandikwa na mtu ambaye kwa viwango vyetu hakujua kanuni hata moja. Hana mbuzi. Hana mto wa mamba. Hapotezi muda kueleza maono yake kwa vizazi vijavyo. Anaeleza nani alimkopesha bidhaa, pembe zilikuwa frasila ngapi, nani alimdharau akamrudi kwa risasi.

Kisha anafika Utetera, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Amesikia kwamba mtawala wa huko, mzee Kasongo Rushie, alipotelewa na dada aliyetekwa zamani. Akajitokeza akasema: mimi ni mjukuu wa dada yako. Mzee akafurahi, akamkabidhi nchi na pembe zake. Wewe ungeandika "nilipokewa kwa upendo mkubwa na wenyeji wangu". Yeye anakusimulia namna alivyoipata hiyo nchi, hatua kwa hatua, kama anakufundisha kazi. Ndiyo maana tunamjua. Na kwa kuwa tunamjua, tunaona pia asichokiona yeye: katika habari yake yote waliobeba na waliouzwa hawana majina wala sauti, wanapita humo pamoja na mizigo. Angekuwa na mhariri mzuri, hata hilo lisingeonekana. Msomaji angekutana na mzee mstaarabu wa Mji Mkongwe aliyekuwa na "shughuli za usafirishaji bara".

Stanley alimwandika Tippu Tip, Livingstone alimwandika, Cameron alimwandika. Baada ya yote anayeaminika kuhusu Tippu Tip ni Tippu Tip, kwa sababu amejisema vibaya. Jambo hili lisikuchanganye. Endelea na nishani.

Kuhusu sheria, kuna ya kuogopa na ya kutumia. Ya kuogopa ni kashfa. Mwaka 2000 mahakama Nairobi ilimpa mwanasiasa Nicholas Biwott fidia ya shilingi milioni 30 kwa kitabu cha kumbukumbu za kazi za daktari wa Uingereza mchunguza maiti, kilichogusa kifo cha waziri Robert Ouko. Na katika kesi ile hata kampuni iliyopiga chapa tu ilishtakiwa. Tangu hapo wachapishaji wa kwetu wakiona jina la mtu aliye hai na mwenye wakili wanapata baridi. Ya kutumia ni Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Popote kumbukumbu inapokwama, andika: "Hapa naomba nisiende mbali zaidi kwa kuwa yanahusu usalama wa nchi." Maneno hayo hutibu usahaulifu, na humfanya msomaji aamini kwamba uliwahi kuambiwa siri.

Wakenya wana mtindo wao wa kitabu cha kulipa kisasi, na lazima niseme wanaumudu. Miguna Miguna alitofautiana na bosi wake, yule yule Raila, na Julai 2012, miezi michache kabla ya uchaguzi, kitabu kikawa mtaani, magazeti yakakidondoa siku baada ya siku. Sisi huku hatuna haraka. Kisasi chetu ni kumwandika mtu kwa cheo tu bila jina, "mkuu wa mkoa wa wakati huo", na kumwachia yeye kujitafuta.

Sasa mke. Mke ana nafasi yake katika tawasifu, nayo ni Shukrani, sentensi moja: "Namshukuru mke wangu mpenzi kwa uvumilivu wake." Usieleze alivumilia nini. Neno hilo moja limebeba miaka arobaini, vituo vya kazi sita, duka la rejareja lililosomesha watoto mshahara ulipokuwa haufiki tarehe kumi na tano, na mambo mengine. Kwa ajili ya hayo mambo mengine itaundwa kamati ya familia kuusoma mswada: mtoto wa kwanza ambaye ni mwanasheria, mtoto wa nne ambaye ameokoka, na dada yako. Mwanasheria atakata kurasa. Aliyeokoka ataomba uongeze siku ulipompokea Bwana. Dada yako hatasoma, ataweka kikombe chini aulize swali moja tu: "Kaka, na yule wa Dodoma umemweka?" Kikao kitaahirishwa.

Katika hili ulinganishe waungwana wawili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Jumba la Mtoni amelieleza mpaka unasikia harufu ya uani: vyoo, vyakula, masuria, ugomvi wa kina mama. Anapofika kwenye kilichomtoa Unguja mwaka 1866, mapenzi na jirani Mjerumani na mimba iliyokuwa karibu kuonekana, anakanyaga kwa ncha za vidole, mimba haimo. Unaweza kumsamehe, maana kaka zake walikuwa hawajasamehe. Mwenzake, Shaaban Robert, karani wa forodha mzaliwa wa Tanga, alifanya jambo ambalo kwa mstaafu wa leo ni uzembe: katikati ya kusimulia maisha yake alisimama akaweka tungo ndefu za wasia kwa binti yake na kwa mwanawe wa kiume. Mkewe Amina alipokufa alimlilia kwa beti, hadharani, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Hakungoja ukurasa wa Shukrani.

Lakini hata yeye ana funzo la kukutia hofu. Alikufa mwaka 1962. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu mwaka 1931 zilitunzwa, na miongo kadhaa baadaye zikachapishwa. Ndani yake kuna uhamisho, maradhi, madeni, hesabu za pesa za nyumba, manung'uniko ya karani mweusi chini ya mabwana weupe. Mtu aliyezoea kumwona Shaaban Robert juu ya kiti chake cha hekima anamkuta huko akihangaikia nauli. Kwangu mimi amezidi kuwa mkubwa. Kwako, ambaye hukuandika barua ila jumbe za WhatsApp, nyingine saa nane za usiku, ushauri ni mmoja: hakikisha simu ya zamani haikugaiwa kwa mjukuu kabla ya kusafishwa.

Andika kwa lugha gani? Kwa Kiingereza, bila shaka. Watakuambia ni kwa ajili ya soko la kimataifa. Ukweli ni kwamba Kiswahili kitakifikisha kitabu kwa uliochunga nao mbuzi. Fundi seremala wa kijijini kwenu akikisoma kile kipande cha mto wa mamba atacheka mpaka mkewe atoke nje kuuliza kuna nini. Kiingereza kinamlinda fundi na kinakulinda wewe. Mwinyi alitoa chake kwa Kiswahili, lakini mzee wa miaka 96 haogopi mtu.

Picha ziwe nyingi, zipangwe katikati kwa karatasi ya kung'aa. Upatikane ukipeana mkono na Nyerere. Kama hukuwahi, ukiwa nyuma ya aliyepeana naye mkono, "wa tatu kutoka kushoto, aliyefichwa kidogo". Yumo mwenzako aliyekuwa katikati yenu na baadaye akafungwa kwa ubadhirifu? Zamani kazi hii ilifanywa kwa mkasi. Siku hizi kijana ataweka chungu cha maua.

Dibaji aiandike mtu aliyekuzidi cheo. Hatasoma mswada, na hilo ni jema kwenu wote. Msaidizi wake atakupigia akuombe umwandikie, kijana wako ataandika, mkubwa atasaini. Utajikuta unasifiwa kwa maneno yako mwenyewe na mtu ambaye kwa muda wa miaka ishirini hamkusalimiana vizuri.

Uzinduzi ni hotelini, ukumbini, saa nne kamili, yaani saa sita. Mgeni rasmi, meza kuu, kwaya, mshereheshaji anayeita kitabu chako "dafina". Nakala ya kwanza inunuliwe kwa milioni tano na mfanyabiashara anayesubiri kibali; ya pili kwa milioni mbili na anayemfuatia. Wengine watatoa ahadi, na ahadi utazifuatilia mpaka mwaka unaofuata. Bei ya kawaida ni shilingi elfu hamsini, kwa hiyo waliokuja kwa daladala watakishika, watakinusa, watakirudisha mezani. Maboksi yaliyobaki yatakaa chumba cha wageni. Usihuzunike. Una zawadi ya kila harusi, kila ubatizo na kila mgeni wa kiserikali mpaka Mungu atakapokuita, na nakala mbili tatu ziko Maktaba Kuu, mahali ambapo kimya hakimtishi mwandishi wa aina yako.

Limebaki la kitaalamu. Mchapishaji atapendekeza uweke faharasa ya majina mwishoni. Kataa kabisa. Watu wa tabaka lako hawasomi vitabu vya wenzao. Wanafungua nyuma, wanatafuta jina lao, wanasoma ukurasa huo wakiwa wamesimama dukani, wanakirudisha kwenye rafu. Bila faharasa itambidi kila mmoja akinunue na kukipitia chote, kwa hasira, usiku, miwani puani, akitafuta ulichomsema. Asipojikuta ataudhika zaidi. Mmoja wao atakupigia simu kukueleza kwamba mwaka 1974 mwenyekiti wa kile kikao alikuwa yeye. Msikilize hadi mwisho, mshukuru kwa kumbukumbu nzuri, mwambie itarekebishwa katika toleo la pili, na umuulize yeye anaandika lini.